Kinyozi Hajinyoi: Shahada ya Uzamivu katika Taaluma ya Elimu ya Juu

UTANGULIZI

Chuo kikuu ni mahali ambapo karibu kila jambo huchunguzwa. Wataalamu wa kilimo hupima udongo na mbegu. Madaktari huchunguza damu na vimelea. Wanaisimu hurekodi maneno ya wazee vijijini. Wahandisi hujaribu nguvu ya zege kabla daraja halijajengwa. Lakini mtu akiingia katika chuo hicho hicho na kuuliza kwa nini wanafunzi wa somo fulani huanguka mtihani kila mwaka, au mhadhiri hutumia saa ngapi kufundisha na ngapi kutafiti, au ni fedha kiasi gani hasa hutumika kumtoa mhitimu mmoja, aghalabu hujibiwa kwa maoni. Kila mkuu wa idara ana maelezo yake, na kila maelezo yana mantiki yake, ila hakuna aliyepima.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwenye wembe mkononi huwahudumia wote wanaofika kibarazani, lakini kichwa chake mwenyewe hakioni. Ndivyo ilivyokuwa kwa vyuo vikuu kwa muda mrefu, na ndivyo ilivyo bado kwa vingi kati yavyo. Taaluma ya elimu ya juu ilizuka ili kuiondoa kasoro hiyo. Nayo ni uchunguzi wa kisayansi wa vyuo vikuu na asasi nyingine za elimu inayofuata baada ya sekondari: historia yake, uchumi wake, uongozi wake, ufundishaji wake, pamoja na maisha ya walimu na wanafunzi wake.

Makala hii inaeleza shahada ya uzamivu katika taaluma hiyo ni kitu gani, hupatikana kwa hatua zipi, na ina matatizo gani yasiyopatikana katika taaluma nyingine. Zaidi ya hayo, inaonyesha kwa mifano miwili ya kihistoria kwamba nchi isiyojichunguzia vyuo vyake haiachwi bila kuchunguzwa. Huchunguzwa na wengine, kwa vipimo walivyovichagua wao.

MAANA NA ASILI YA SHAHADA YA UZAMIVU

Neno daktari linatokana na kitenzi cha Kilatini, docere, chenye maana ya kufundisha. Katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya, kama vile Bologna na Paris, daktari alikuwa mtu aliyeruhusiwa kufundisha. Hakutakiwa kugundua jambo jipya. Alitakiwa kuyajua vizuri yaliyokwisha andikwa na kuweza kuyatetea mbele ya walimu wake.

Maana hiyo ilibadilika katika karne ya 19 huko Ujerumani. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 kwa juhudi za Wilhelm von Humboldt, kilijengwa juu ya wazo kwamba mwalimu wa chuo kikuu ni mtafiti kwanza, na kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kushiriki katika utafiti. Kuanzia hapo tasnifu yenye maarifa mapya ikawa ndiyo sharti la udaktari. Wamarekani waliliiga jambo hilo: Chuo Kikuu cha Yale kilitoa shahada zake tatu za kwanza za aina hiyo mwaka 1861. Waingereza walichelewa sana. Oxford iliikubali mwaka 1917 tu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa Kiswahili shahada hii imepewa jina la uzamivu, kutokana na kitenzi kuzama. Jina hili lina mafunzo yake. Mzamivu ni mtu apigaye mbizi hadi chini kabisa ya bahari kutafuta lulu. Haogelei bahari yote. Huchagua mahali pamoja, huvuta pumzi, hushuka, na hutakiwa kurudi juu akiwa na kitu mkononi.

Afrika Mashariki iliipokea shahada hii kwa njia ya Uingereza. Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wahitimu wake wakawa wakipewa shahada za London. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikawa chuo kikuu kamili cha nchi yake. Ndiyo maana hata leo mtahiniwa wengi wao katika nchi hizi hufuata utaratibu wa Kiingereza, ambao uzito wake wote uko katika tasnifu. Utaratibu wa Kimarekani, unaotanguliza masomo ya darasani na mtihani mkubwa kabla ya tasnifu, nao umeingia, na vyuo kadhaa hutoa nafasi ya kuchagua kati ya njia hizo mbili.

TAALUMA YA ELIMU YA JUU ILIVYOZALIWA

Somo la kwanza kuhusu elimu ya juu lilifundishwa mwaka 1893 na G. Stanley Hall, mwanasaikolojia aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Clark nchini Marekani. Kwa miaka mingi baada ya hapo somo hilo lilibaki dogo, likiwahudumia hasa watu waliotarajiwa kuwa watawala wa vyuo. Lilianza kukua kwa haraka baada ya Vita Kuu ya Pili, pale idadi ya wanafunzi ilipoongezeka katika nchi zenye viwanda na serikali zikataka kujua fedha zake zinakwenda wapi. Nchini Uingereza, ripoti ya kamati ya Lord Robbins ya mwaka 1963 ilikusanya takwimu nyingi za vyuo vikuu kuliko zilizowahi kukusanywa nchini humo kabla yake.

Nadharia kadhaa zilizotokana na kipindi hicho bado zinafundishwa. Mwaka 1973 Martin Trow, mtaalamu wa sosholojia wa California, alieleza kwamba elimu ya juu hupita katika hatua tatu. Ikiwa inawachukua chini ya asilimia 15 ya vijana wa rika husika, ni elimu ya wateule wachache. Kati ya asilimia 15 na 50 ni elimu ya umma. Ikizidi asilimia 50 inaelekea kuwa elimu ya wote. Hoja yake kubwa haikuwa juu ya hesabu. Alisema kwamba kila kizingiti kinapovukwa hubadilika pia namna ya kufundisha, namna ya kuongoza, na hata maana ya kuwa mwanafunzi. Miaka kumi baadaye, yaani 1983, Burton Clark alieleza kwamba kila mfumo wa elimu ya juu husukumwa na nguvu tatu: serikali, soko, na wanazuoni wenyewe, tofauti kati ya nchi na nchi ni tofauti ya uzito wa nguvu hizo.

Nadharia kama hizi ni zana nzuri, lakini zilichongwa kwa mbao za mahali pengine. Mfano ulio wazi ni huo wa Trow. Tanzania na Uganda, kwa hesabu, bado ziko chini ya kizingiti chake cha kwanza. Kwa hiyo zingepaswa kuwa na madarasa madogo na mwalimu anayemfahamu kila mwanafunzi kwa jina. Aliyewahi kuingia katika ukumbi wa mihadhara wa mwaka wa kwanza, wanafunzi wakiwa wamesimama ukutani na wengine wakisikiliza dirishani, anajua kwamba sivyo. Mfumo ni wa wachache, lakini darasa ni la umma. Jambo kama hili Trow hakulieleza, kwa sababu hakuliona. Atakayelieleza ni yule aliyesoma nadharia yake na aliyewahi pia kusimama katika ukumbi huo.

Barani Afrika uchunguzi huu ulianza kwa tume. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya Sir Eric Ashby, iliyotoa ripoti yake kuhusu Nijeria mwaka 1960. Baadaye zilianzishwa asasi za Waafrika wenyewe. Baraza la utafiti wa sayansi jamii liitwalo CODESRIA lilianzishwa mwaka 1973, na makao yake yapo Dakar. Tangu mwaka 2003 limekuwa likitoa jarida maalumu la elimu ya juu. Makerere, kwa upande wake, ina shule inayoshughulikia taaluma hii kwa ajili ya Afrika Mashariki.

KUNYOLEWA NA WENGINE: MFANO WA KIWANGO CHA FAIDA

Ili kufahamu kwa nini jambo hili lina uzito, yafaa kutazama hesabu moja iliyobadilisha maisha ya vyuo vikuu vya Afrika. Hesabu hiyo huitwa kiwango cha faida ya elimu, na mtaalamu aliyeieneza zaidi ni George Psacharopoulos, mwanauchumi aliyefanya kazi katika Benki ya Dunia. Kitabu chake kilicholinganisha nchi mbalimbali kilitoka mwaka 1973.

Katika umbo lake rahisi, hesabu hufanywa hivi. Kwanza hutafutwa tofauti ya mshahara wa mwaka kati ya mtu aliyesoma ngazi fulani na yule aliyeishia ngazi ya chini yake. Kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa gharama yote ya masomo, pamoja na mshahara ambao mwanafunzi angeupata kama asingekuwa masomoni.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba mhitimu wa sekondari anapata shilingi 2,000,000 kwa mwaka na mhitimu wa chuo kikuu anapata 4,500,000. Tofauti ni 2,500,000. Kila mwaka wa chuo unagharimu 3,000,000, na ikiongezwa mishahara iliyokosekana ya 2,000,000, gharama inakuwa 5,000,000 kwa mwaka, au 20,000,000 kwa miaka minne. Basi 2,500,000 zikigawanywa kwa 20,000,000, faida ni asilimia 12.5. Na ichukuliwe tena kwamba mtoto wa shule ya msingi anagharimu 200,000 kwa mwaka kwa miaka saba, yaani 1,400,000, wala hakosi mshahara wowote. Na kwamba akiwa mtu mzima atapata 350,000 zaidi kuliko yule asiyesoma kabisa. Faida ni asilimia 25, yaani mara mbili ya ile ya chuo kikuu.

Matokeo ya namna hii, yaliyopatikana katika nchi baada ya nchi, yalitumiwa katika miaka ya 1980 kuzishauri serikali za Afrika zipunguze fungu la vyuo vikuu, zielekeze fedha katika shule za msingi, na kuwatoza wanafunzi wa chuo sehemu ya gharama. Ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu elimu katika Afrika kusini ya Sahara, iliyotoka mwaka 1988, ilifuata mkondo huo. Nia ya kuwasomesha watoto wote ilikuwa njema, wala hakuna aliyeipinga. Lakini hesabu ilikuwa na matundu.

Tundu la kwanza ni mshahara wenyewe. Katika nchi nyingi za Afrika wakati huo mwajiri mkubwa wa wahitimu alikuwa serikali. Mshahara wa serikali huwekwa kwa ngazi zilizoandikwa katika waraka, na ukimomonyolewa na kupanda kwa bei, tofauti ile ya 2,500,000 inaweza kushuka ikawa 1,250,000. Faida nayo itashuka hadi asilimia 6.25. Je, daktari ameacha kutibu nusu ya wagonjwa wake? La. Wagonjwa ni wale wale. Kilichopungua ni bahasha ya mwisho wa mwezi.

Tundu la pili ni kazi ya mtoto. Katika mfano huu, kama ilivyokuwa katika hesabu nyingi, kazi ya mtoto ilithaminiwa kwa kiasi kidogo au bila thamani yoyote. Mfugaji ambaye mwanawe ndiye mchungaji wa ng'ombe, au mama ambaye bintiye ndiye mchota maji, asingekubali kwamba shule haimgharimu kitu.

Tundu la tatu ni kutenganisha ngazi ambazo hazitenganiki. Mwalimu wa shule ya msingi hufundishwa na mkufunzi wa chuo cha ualimu, na mkufunzi huyo ni mhitimu wa chuo kikuu. Ukikata mzizi, tawi litabaki kijani kwa muda tu.

Tundu la nne lilikuwa takwimu zenyewe. Mwaka 1996 mtafiti Paul Bennell alizipitia upya takwimu za Afrika zilizotumiwa, akaonyesha kwamba nyingi zilikuwa za zamani au dhaifu mno kubeba hitimisho lililowekwa juu yake. Mwaka 2000 kikosi cha wataalamu kilichoundwa na Benki ya Dunia yenyewe pamoja na UNESCO kilikubali kwamba hesabu hizo zilikuwa zimeitazama elimu ya juu kwa jicho jembamba.

Kati ya mwaka 1988 na 2000 ni miaka 12. Katika muda huo maktaba ziliacha kupokea majarida, maabara zilikosa kemikali, na wahadhiri wengi walihama au walifungua miradi ya kuku ili watoto wao wale. Si haki kusema kwamba hesabu moja ndiyo iliyoleta yote hayo. Deni la nje na kuanguka kwa bei za mazao vilikuwa na sehemu kubwa. Lakini ni kweli kwamba serikali nyingi zilipopewa hesabu hiyo hazikuwa na watu wa kutosha waliofunzwa kuifungua na kutazama ndani. Maoni yalikuwapo tele. Yaliyokosekana ni matokeo ya uchunguzi.

CHUO KIMOJA, MASOMO MAWILI

Mfano wa pili unatoka Makerere. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo hicho kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, pamoja na wale waliolipiwa na serikali. Mwaka 1999 David Court, mtaalamu aliyeifahamu Afrika Mashariki kwa miaka mingi, aliandika maelezo ya mabadiliko hayo yaliyochapishwa na Benki ya Dunia na Wakfu wa Rockefeller. Aliyaita mapinduzi ya kimya kimya: wanafunzi wameongezeka, mapato yameongezeka, na chuo kimeinuka bila kungoja hazina ya serikali.

Mwaka 2007 Mahmood Mamdani, mwanazuoni wa Uganda aliyewahi kufundisha katika chuo hicho hicho, alichapisha kitabu kuhusu mageuzi yale yale kati ya mwaka 1989 na 2005. Yeye aliingia ndani ya vitivo, akatazama idara moja moja. Aliona idara zikishindana kubuni kozi zinazouzika, idara moja ikifundisha somo la idara nyingine ili ada isitoke nje, na utafiti ukipungukiwa na nafasi.

Hakuna kati yao aliyesema uongo. Mmoja alipima mapato na idadi. Mwingine alipima kinachofundishwa na nani anayekifundisha. Mwanafunzi wa taaluma hii hana budi kulishika funzo hilo mapema: anayechagua kipimo amekwisha chagua nusu ya jibu.

HATUA ZA MASOMO

Masomo ya uzamivu huchukua aghalabu miaka mitatu hadi minne kwa mwanafunzi wa wakati wote, na zaidi kwa yule anayesoma huku akifanya kazi. Hatua zake kuu ni hizi zifuatazo.

(a) Swali. Watahiniwa wengi hufika na mada badala ya swali. "Ubora wa elimu ya juu Tanzania" ni mada. Haina mwisho, na maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuimaliza. Swali ni kama hili: je, wanafunzi wa uhandisi waliojiunga kwa stashahada ya ufundi hufaulu hisabati za mwaka wa kwanza sawa na wale waliotoka kidato cha sita, na kama sivyo, ni kwa nini? Swali hili lina watu wanaohesabika, lina mahali, na jibu lake linaweza kuwa ndiyo au hapana. Zaidi ya hayo, kuna mtu anayelihitaji jibu hilo, yaani yule anayepanga masharti ya udahili.

(b) Maandiko na nadharia. Mtahiniwa hupitia yaliyoandikwa ili aonyeshe pengo lililopo. Hapa ndipo nadharia za kigeni hupimwa kama kanzu ya kuazima, kwa kutazama zinapobana na zinapopwaya. Kwa mfano Vincent Tinto, katika maandishi yake ya mwaka 1975 na 1987, alieleza kwamba mwanafunzi huacha chuo anaposhindwa kujiunga na maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo hicho. Nadharia hiyo ilitokana na vyuo vya Marekani. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuwa na marafiki wengi na alama nzuri, akaacha masomo kwa sababu mkopo umechelewa au baba amefariki na wadogo zake hawana mlezi. Mtahiniwa asiikatae nadharia kwa sababu hiyo, wala asiifuate kama sala. Aijaribu, aseme inafika wapi.

(c) Mbinu. Takwimu huonyesha kilichotokea, na mahojiano husaidia kueleza sababu. Mwezi Novemba mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Shabaha ilikuwa kuwaleta karibu wafanyakazi na wasomi. Lakini hesabu za udahili zilionyesha kwamba wanawake walipungua, na baadaye wakaruhusiwa kujiunga moja kwa moja. Hesabu ndiyo iliyolifichua jambo; bila kuhesabu wanawake na wanaume mbalimbali, lingepita. Hata hivyo hesabu peke yake haiwezi kusema ni kitu gani kilichomzuia binti mmoja mmoja. Hilo huulizwa kwake yeye.

(d) Vibali na maadili. Utafiti unaohusu watu huhitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na kibali cha mamlaka ya nchi. Nchini Tanzania mamlaka hiyo ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya na Uganda nazo zina asasi zao za namna hiyo. Mtahiniwa mwenye busara huviombea vibali mapema, kwa kuwa muhula wa masomo haumngojei mtu.

(e) Uandishi na utetezi. Tasnifu husomwa na watahini wa ndani na wa nje, kisha mtahiniwa huitetea kwa mdomo. Ni wachache wanaopita bila kuambiwa warekebishe lolote. Marekebisho si fedheha. Ni sehemu ya mafunzo.

Kati ya hatua hizo zote, ile inayowaangusha wengi haimo katika orodha. Ni ule muda mrefu kati ya kukusanya data na kuandika, pale mtahiniwa aliye mwajiriwa anaporudishiwa mzigo wote wa kufundisha, sura moja ya tasnifu ikikaa miezi kwa msimamizi ambaye naye ana mzigo huo huo. Chuo kinachotaka wazamivu hakina budi kuwapa pumzi ya kuzamia.

MTAFITI ALIYE NDANI YA NYUMBA

Tatizo linaloitenga taaluma hii na nyingine ni kwamba mtafiti wake aghalabu ni mtu wa ndani. Ni msajili, mhadhiri, mkutubi au mshauri wa wanafunzi, na watu anaowachunguza ni wakubwa wake, wenzake au wanafunzi wake. Hapa ndipo kinyozi anapoushika wembe mbele ya kioo, na mkono huwa mzito.

Hatari ziko tatu. Ya kwanza ni kuyaona mambo ya kawaida kuwa hayahitaji maelezo. Mgeni angeuliza kwa nini matokeo ya mtihani hutolewa baada ya muhula mpya kuanza, mwenyeji amezoea. Ya pili ni woga. Mhadhiri kijana anayehojiwa na msajili hawezi kusema kwa uhuru jinsi vyeo vinavyotolewa. Ya tatu ni kutambulika. Kuficha jina hakutoshi. Tasnifu ikiandika kwamba mtoa habari alikuwa "mkuu wa idara ya fizikia, mwanamke," na chuo kina mwanamke mmoja tu mwenye cheo hicho, jina lake limekwisha tajwa.

Dawa zake zinajulikana. Mtafiti aeleze wazi katika tasnifu yeye ni nani na ana uhusiano gani na chuo. Ahoji watu wa chuo cha pili ili apate kulinganisha. Alinganishe maneno ya watu na nyaraka, kama vile kumbukumbu za mikutano, orodha za matokeo na bajeti. Amwombe mtu mwingine awahoji wale walio chini yake kikazi. Aunganishe sifa za watoa habari kiasi kwamba hakuna anayeweza kutambuliwa. Na hasa awe tayari kuandika jambo ambalo chuo chake hakitapenda kulisoma, kwa lugha ya staha na kwa ushahidi usioyumba.

Kwa upande mwingine, mtu wa ndani ana mali ambayo mgeni hawezi kuinunua. Anajua kwamba ratiba iliyobandikwa ukutani siyo inayofuatwa. Anajua ni barua ipi iliyobadilisha mambo na ni ipi iliyowekwa katika faili tu. Mgeni hukaa wiki sita akakusanya yaliyoandikwa. Mwenyeji huijua na mitaa isiyo na majina.

HITIMISHO

Watu hutafuta shahada ya uzamivu kwa sababu mbalimbali, na kupanda cheo ni mojawapo, hasa baada ya mamlaka za elimu ya juu kuidai shahada hiyo kwa wahadhiri. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini shahada inayosomwa kwa ajili ya cheo peke yake huishia rafuni. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimeongezeka na vinaendelea kuongezeka. Kila mwaka hufanywa maamuzi juu ya udahili, ada, mikopo, lugha ya kufundishia na idadi ya wanafunzi kwa mwalimu mmoja, na kila uamuzi hugusa maelfu ya vijana ambao hawatapata nafasi ya pili. Maamuzi hayo yatafanywa kwa vyovyote vile. Yatafanywa kwa kufuata hesabu zilizopimwa hapa na watu wanaozijua mipaka yake, au kwa kufuata hesabu zilizoletwa na wageni, ambazo kosa lake litagunduliwa baada ya miaka 12.

Kinyozi hajinyoi, lakini wahenga hawakusema kwamba hawezi kumfundisha mwanafunzi wake kazi hiyo, kisha akakaa kitini mwenyewe na kuinamisha kichwa. Kwa chuo kikuu, mwanafunzi huyo ndiye mtahiniwa wa uzamivu katika taaluma ya elimu ya juu. Kinachotakiwa ni wembe ulionolewa vizuri, na chuo kinachokubali kutulia.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Katika mfano wa kubuni uliotolewa hapo juu, kiwango cha faida ya chuo kikuu kingekuwa asilimia ngapi kama masomo yangechukua miaka mitatu badala ya minne? Je, jibu hilo linatosha kuamua kwamba masomo yafupishwe? Eleza.

2. Chagua jambo moja katika chuo au shule unayoifahamu ambalo watu hulieleza kwa maoni tu. Liandike kama swali la utafiti lenye watu wanaohesabika, mahali, na jibu linaloweza kukanushwa.

3. Court na Mamdani walitazama mabadiliko ya chuo kimoja wakafikia mahali tofauti. Taja kipimo cha tatu ambacho kingeweza kutumika, na ueleze kingeonyesha nini ambacho wao hawakukionyesha.

4. Msajili wa chuo anataka kuchunguza sababu za wahadhiri kuchelewesha matokeo ya mitihani katika chuo chake mwenyewe. Taja hatari mbili zinazomkabili na namna ya kuzipunguza.